Dakika Ishirini za Malogo

Viti mia tatu vya plastiki tulivirudisha Majengo
kwa mkokoteni, safari nne.
Mwenye viti akahesabu mara mbili, akatudai kimoja.
Hivyo tamasha la mwaka ule
lilianza kwa deni la kiti.

Uwanja wa Chamwino ukaachiwa mbuzi.
Bango nililikunja chini ya kitanda,
neno KARIBUNI likalala kifudifudi.

Nyemo akasema, basi kila mtu apige kwake,
kila mtu na simu yake, kila simu na bando lake.
Nikamcheka. Ngoma na bando wapi na wapi?
Ngoma bila vumbi si ni kubisha hodi tu?

Mimi ni fundi wa nyaya. Miaka yote kazi yangu
kuzuia sauti zisigongane.
Sasa nimepewa sebule ya dada yangu, Area C,
kompyuta moja, feni iliyozimwa isije ikavuma,
luku ya elfu kumi,
na wapwa watatu waliohongwa zabibu wanyamaze.

Sechelela alitangulia, toka Mvumi.
Pigo lake linanifikia baada ya sekunde mbili;
wenzake wa Kongwa wanalijibu
yeye keshalisahau.
Nikahangaika. Nikapunguza picha, nikazima hiki, nikawasha kile.
Akasema, Acha wewe.
Sisi tumekua tukipiga mbele ya mlima,
na mlima hujibu ukipenda.
Akalegeza mkono. Akaungoja ule uchelewaji
kama mtu anayengoja maji ya kisima yatuame,
na mapigo yakaanza kuingia mapengoni,
moja hapa,
moja
huko.

Mbeleje wa Bahi akatumbukiza simu kibuyuni,
akamwagia chumvi juu ya kibuyu, punje kwa punje.
Mvua! Mwezi wa nane, Dodoma!
Mmoja wa wasikilizaji, toka nchi ya theluji, akauliza ni chombo gani.
Nyemo akamwandikia: hamu.

Ndahani alipanda kilima cha Mpwapwa kutafuta mtandao,
upepo ukamla uzi mmoja wa zeze, ukatuachia mwingine.
Tukausikiliza huo uliobaki.

Kisha saa tatu na nusu: Malogo, Kigwe, ilimba.
Dirisha lake likafunguka, yeye hayumo.
Alhamisi walikuwa wamempeleka hospitali,
kifua, walisema, kifua tu.
Mkewe aliiwasha simu kama alivyoagizwa,
akaiegemeza kwenye kopo la maziwa,
akaondoka na chupa ya uji.

Pazia. Ukuta. Ilimba juu ya mkeka.
Nyemo akaniandikia, Turuke?
Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.
Maikrofoni za watu arobaini na mmoja nilikuwa nimezifunga,
hata kikohozi hakikupenya.
Sikubonyeza.

Dakika ya nne, kuku.
Dakika ya tisa, mlango wa jirani na jina la mtu likiitwa.
Dakika ya kumi na tatu ikapita treni ya mizigo nyuma ya nyumba,
na vyuma vyote vya ilimba vikatetemeka vyenyewe,
chini kwa chini, kwanza vile vinene,
na ule utando wa buibui alioubandika kwenye tundu
ukavuma,
ukavuma hata behewa la mwisho lilipokwisha kupita.
Sijawahi kurekebisha sauti kama ile.
Sikuigusa.

Ndipo nikakiona, pembeni, karibu na pazia:
kiti cha plastiki, alama nyekundu mgongoni,
alama ya mwenye viti wa Majengo.
Alikichukua kufanyia mazoezi, bila shaka.
Hakuniambia.

Dakika ishirini zikatimia. Nikamwongezea mbili,
za ule uchelewaji.

Jumatatu nilikwenda Majengo, nikalipa.
Elfu kumi na mbili.
Akaniuliza, Mmekipata?
Nikamwambia hapana, andika kimepotea.