Chenga

Mashine nazijua. Miaka kumi na tisa
nimeshinda chini ya mlima wa Kiruna
nikisikiliza pampu, nikitambua kwa kiganja
beringi itakayokufa kabla ya Ijumaa.
Kamera hii, nyepesi kuliko nyundo yangu ndogo,
ingenishindaje?

Nilimrekodi Embla usiku wa Lusia
katika ukumbi wa shule, taa zote zimezimwa,
watoto ishirini ndani ya kanzu nyeupe
wakiingia na mishumaa, polepole,
kama waliobeba uji wa moto.
Nilikaa nyuma kabisa. Nikamvuta kwa kidole,
nikamvuta tena, mpaka akajaa kiooni.

Nyumbani nikabonyeza, na televisheni ikamwaga mchele.
Chenga tupu. Zile za chini ya gunia,
zinachemka bila moto wala maji,
na katikati kitu cheupe kinatembea:
binti yangu.

Nikaanza kama kazini, kwa kilicho rahisi.
Nikafuta lenzi kwa kitambaa cha miwani.
Chenga.
Nikatia kanda ya kusafishia, ile kavu,
sekunde kumi tu, kijitabu kimeonya.
Chenga.
Nikabadili waya. Nikabadili betri, ingawa najua
betri haihusiki.
Nikaibeba kamera hadi kwa mama mkwe,
mwenye televisheni pana kama mlango:
chenga zikawa punje nzima.
Berit akasema, Sasa umemwambukiza na mama.

Ubavuni imeandikwa kwa dhahabu: mara mia saba.
Nilisoma menyu usiku kucha ndipo nikaelewa
kwamba ishirini za mwanzo ni kazi ya kioo,
na zote zilizobaki kamera inabahatisha.

Dukani, Aino-Maj hakugusa hata skrubu.
Nje ilikuwa saa sita mchana na nyota zinaonekana;
jua lilikwishatuaga mpaka Januari.
Aliwasha taa ya meza, akaweka mkono wake chini yake,
akaniambia, Rekodi.
Nikaona pete, nikaona mkwaruzo wa pete,
vinyweleo vya kidole kimoja kimoja.
"Haiumwi. Ina njaa ya mwanga.
Ukiipeleka gizani inajikaza ione,
na unachokiona wewe ni kule kujikaza.
Mara nyingine omba taa moja iachwe.
Na usogee kwa miguu, kidole kipumzike."
Hakunitoza kitu. Nilinunua kanda mbili kwa aibu.

Jioni nikaicheza tena, si kwenye televisheni,
kwenye kile kioo kidogo cha kamera yenyewe,
ambapo chenga hubanana na sura hujitokeza.
Embla akaja na bakuli lake, akachungulia.
"Baba, huyo ni Vendela."
Kijiko mdomoni.
"Mimi nilikuwa wa tatu kutoka nyuma.
Nilikupungia."

Wiki mbili namsafisha mtoto wa jirani.
Wangu kanipiga chenga ndani ya chenga.

Nikampelekea Eskil ile kanda. Usiku ule
yeye alikuwa zamu, mita elfu moja chini,
na nilijua ni nani aliyempangia zamu hiyo.
Nilianza kueleza: giza, kuvuta, mara mia saba.
Alikuwa amepiga magoti na viatu vyake vya theluji,
zulia la mkewe linalowa,
uso karibu uguse kioo.
"Rudisha," akasema.
Nikarudisha.
"Rudisha."

Jumapili tumewasha kila kitu jikoni:
taa ya dari, ya jiko, ya kusomea,
friji mlango wazi mpaka Berit akalalamika.
Embla anatoka kwenye friji, anaelekea mlangoni,
kanzu imekuwa fupi kidogo, mshumaa haukuwashwa.
Nimesimama hatua mbili. Sivuti.
Picha safi; naona hata jino linalolegea.
Anafika usawa wangu, anapunga mkono.
Nami napunga,
na kila kitu kinatikisika.