Meno ya Ufunguo

Kazi yangu ni kuchonga meno.
Si ya watu. Ya funguo,
hapa Mlango Mmoja, kati ya mitumba na viatu,
tupa mkononi, vumbi la shaba kwenye kope.
Ufunguo mmoja elfu tatu.

Juzi alikuja kijana, shati limenyooka,
Bugumba, wakala wa bima,
akitaka ufunguo wa pili wa pikipiki.
Nilipofungua mdomo kumtajia bei
aliliona gego langu kabla hajaisikia bei.

"Mzee, usipoziba ufa," akaanza.
Nikamwambia, hiyo methali niliikuta nyumbani,
usiniuzie.
Akacheka, akanipa karatasi yenye familia inayochekelea,
meno meupe kama vigae vya benki.
Elfu kumi na mbili kwa mwezi:
mimi, Nyanzobe, na Minza.

Funguo nne.

Nimepiga hesabu nyuma ya kalenda ya mwaka jana.
Kung'oa, elfu ishirini na tano,
jino na kelele zake vinabaki kwenye beseni.
Kuziba, sitini.
Kutibu mzizi, laki na themanini, na unaambiwa urudi mara tatu.
Bima kwa mwaka, laki na arobaini na nne:
funguo arobaini na nane,
na tusipoumwa mwaka mzima
nitakuwa nimemchongea mtu asiyenijua
funguo arobaini na nane za nyumba nisiyoingia.

Kisha nikasoma maandishi madogo
kwa lenzi ninayochungulia vitasa.
Miezi sita ya mwanzo, subira.
Meno ya bandia, hapana.
Ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga, hapana.
Yaani hili gego
lililomwita Bugumba, lililotuketisha mezani,
lenyewe halimo.
Bwana harusi kazuiwa mlangoni.

Navijua vitasa. Cha kuuliza kwanza
si ugumu wake,
ni nani anashika ufunguo.

"Basi tuweke wenyewe," nikasema.
Nyanzobe hakubisha. Alinyoosha mkono juu ya kabati
akateremsha kopo la maziwa la mwaka juzi,
akalitikisa karibu na sikio langu.
Lilianza kwa ajili ya meno, kopo hilo.
Aprili likalipia mabati yaliyochukuliwa na upepo wa ziwa.
Juni, msiba wa Igoma.
Agosti mimi sikumbuki. Yeye anakumbuka, akanyamaza.
Ndani ililia sarafu moja, na kifungo.

Usiku gego liliniamsha.
Nikatoka, nikakaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba
(Igogo tunapanda mpaka kitandani),
chini ziwa limelala, halina kinachouma,
na ulimi wangu ukirudi pale pale penye tundu
kama mtu anayepapasa mfuko aliokwisha kuupekua.

Mama yangu, kule Magu, yalimwisha yote kabla ya hamsini.
Michembe aliiloweka asubuhi ili aitafune jioni kwa ufizi.
Katika kila picha yake, mkono uko mdomoni.
Jino la pembe si dawa ya pengo, walimwambia.
Sawa.
Dawa ya pengo ni ipi, hakuna aliyeitaja.

Niliporudi ndani Minza alikuwa amelala mdomo wazi.
Jino jipya limechomoza nyuma ya la zamani, linangoja zamu,
na ukingo wake, nilipoinama na tochi ya simu,
una vijino vitatu vidogo
kama ufunguo ambao haujaingia kitasa chochote.

Fomu iko mezani.
Jina la Minza limejazwa, mwandiko wa mama yake.
La mama yake, chini yake.
Langu limefika nusu. Kalamu iliisha wino,
au tuseme hivyo.

Jumamosi nitakwenda na elfu ishirini na tano, mkono mfukoni.
Bugumba naye atalipia ufunguo wake, elfu tatu kamili,
sina bei ya wakala.

Leo jioni nimekula matobolwa, upande wa kushoto,
polepole,
nikiusikiliza wa kulia.