Hesabu za Ghalani

Miaka thelathini na minne nimeandika uzito wa soya
katika ghala la ushirika, hapa Ostby, Iowa,
kwa kalamu ya risasi, maana wino hauna toba.
Kwa hiyo msiniambie uchumi umepaa.
Mimi ndiye ninayejua umepaa na nini.

Rais alisema ushuru utalipwa na wageni.
Sawa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Lakini mgeni hakuja, alikwenda kununua Brazili,
na soya yetu imelala ndani ya matangi ya bati
hadi inanuka kama soksi za mvulana.
Mbolea imepanda. Vipuri vya trekta vimepanda.
Kilichoshuka ni mabega ya Orrin, kaka yangu,
ambaye bado ana bango lao uani,
limepauka, jina limebaki nusu.

Kisha Jumatatu, majaji.
Watano kwa wanne: wizara haina mamlaka
ya kuchungulia kisima cha mtu,
hata kama sumu imevuja toka shamba la kampuni.
Sheria, eti, haikutaja kisima.
Kurasa mia na kumi na mbili za kulitafuta neno hilo!
Nimezisoma zote, usiku mbili, chai ikapoa.
Nilifundishwa kwamba sheria ni msumeno,
hukata mbele, hukata nyuma.
Huu wao ni kisu cha siagi:
kwa kampuni hupaka,
kwetu hukwangua.

Mjukuu wangu Signe ana miezi mitano.
Mama yake anamkorogea maziwa kwa maji ya dukani,
dola sita katoni,
naye si mwanasheria, anafagia shule,
lakini neno kisima alilielewa mara moja.

Ndiyo, nina chama. Sifichi.
Stika yake iko kwenye friji na kwenye gari,
nimegonga milango theluji ikiwa magotini,
na mbwa wa akina Haugen ana kipande cha suruali yangu.
Lakini na sisi, jamani, tulilala.
Tuliposhika madaraka tuliletewa vijana wenye vishikwambi
waliotuuliza vipaumbele vyetu ni vipi,
wakala keki, wakaondoka,
na kiwanda cha nyama kilipofungwa
walituandikia kuomba mchango.
Nayasema haya humu humu, chini ya kanisa,
mbele ya kamati na viti vyake vya kukunja.
Mkitaka kunitoa, nitoeni.
Birika la kahawa ni langu, nitaondoka nalo.

Wale wa upande ule husema kura yao ilikuwa hasira.
Hasira naielewa. Hasira hasara,
na hasara mimi ndiye ninayeiandika.

Jana jioni Orrin alikuja na bahasha ya serikali:
fomu ya fidia kwa wakulima walioumizwa na ushuru.
Wamechukua ng'ombe, wanarudisha mkia,
na mkia wenyewe wanautakia sahihi tatu.
Hakuvua kofia. Akaisukuma bahasha mezani.
"Sioni vizuri," akasema,
na miwani ilikuwa mfukoni mwa shati, inachungulia.

Nilikuwa na maneno. Miaka nimeyanoa.
Nikaitazama mikono yake, ile mipasuko ya grisi
isiyotoka hata kwa sabuni ya mawe,
nikaandika: jina, ekari, uzito.

Mahali pa sababu ya hasara
pana mstari mmoja, mfupi kama kidole gumba.
"Niandike nini?" nikamwuliza.
Akatazama dirishani, ng'ambo ya barabara, liliko bango,
akanyamaza mpaka friji ikaanza kunguruma.

"Andika unachojua," akasema.
"Ila kwa kalamu ya risasi."