Bonyeza Nusu

"Nataka kamera," nikasema, "ya mtu asiyejua."
Nkwimba hakucheka. Duka lake la Makoroboi
halina nafasi ya kuchekea mtu.
Akauliza: "Asiyejua nini?"

Hapo nikakwama.
Kwani miaka kumi na tisa natengeneza majokofu
ya kiwanda cha minofu, na sangara
anavyokakamaa namjua kuliko mkewe.
Namjua Ilmari, fundi mwenzangu wa Ufini,
alivyolia uwanja wa ndege mkataba ulipokwisha.
Sasa ameandika: *Njoo Oktoba, tunawinda.
Tiketi nusu yangu, nusu yako.*

Mnyama wao hana jina kwetu.
Mfikirie pofu. Mrefushe miguu,
mning'inize ndevu, kisha umchomeke kichwani
makoleo mawili ya zege.
Ndiye.
Bunduki sitashika, kibali ni cha Ilmari.
Mimi nitabeba macho.

Nkwimba akapanga kamera juu ya kioo
kama dagaa wa kuonjesha.
Ile nyeusi, nzito, ya lenzi za kubadilisha:
"Ya harusi hii. Ukimaliza kubadilisha
mnyama ameshaoa, ana wajukuu."
Ile nyembamba, ya kugusa kwa kidole:
"Huko baridi?"
Maziwa yao yanaganda, nikamwambia,
gari linapita juu.
"Basi utavaa glovu. Kioo hakijui glovu."
Nyingine ilijaza sanduku zima kwa megapikseli.
"Hizo kelele za sanduku," akairudisha.
"Na betri ya akiba ilale kwapani."
Nikaona haya, mimi mgandishaji,
kusahau kwamba betri nayo ni samaki.

Sikumwambia kilichonileta hasa.
Babu Luhende wa Kayenze
aliua kiboko mmoja tu maisha yake.
Nikiwa na miaka sita, kiboko yule
alikuwa sawa na mtumbwi.
Nilipofika darasa la saba
alikuwa kivuko cha Kamanga, na magari ndani.
Siku ya matanga wajomba wakamfikisha
ukubwa wa kisiwa cha Saanane,
na watu waliokisoma kisiwa kile kwa macho yao
wakatikisa kichwa: kweli, kweli.

Picha haikui.
Utaichapa, utaitundika ukutani,
miaka ishirini mnyama yuko vilevile,
na wewe ndiye unayesinyaa mbele yake.

"Chukua hii," akasema Nkwimba.
Nene kidogo, kishikio cha mpira,
vitufe vya vidole vya fundi,
inavuta mbali, ina kitundu cha kuchungulia.
Tukatoka nje. Juu ya bati la mafundi cherehani
alisimama korongo mfuko-shingo,
karani mstaafu anayesubiri mafao.

"Bonyeza nusu. Usimalize.
Ngoja ilie. Shusha pumzi. Haya, malizia."

Jeshi la Kujenga Taifa walinifundisha hivyohivyo,
neno kwa neno, kasoro kulia.
Nikamalizia.
Korongo hakuanguka. Aligeuza shingo,
akajikuna, akaendelea na mambo yake.
Nilisimama pale kama mtu aliyerudishiwa
chenji kubwa kuliko noti aliyotoa.

Tukatazama: waya wa umeme,
ukingo wa bati, na mguu mmoja.
Mguu tu.
"Nifute?"
"Ya kwanza haifutwi," akasema,
akapunguza elfu ishirini, akanipa na kadi bure.

Nyumbani Igogo, Sayi binti yangu
akaushika ule mguu mwembamba, mweupe
kwa vumbi, akautazama hadi kiooni
ukajaa mvuke wa pumzi zake.
"Baba, huyu mkubwa kiasi gani?"

Nikaangalia tena. Picha iliishia kwenye goti.
Huko juu ilikuwa imeniachia mwenyewe.
Nikapanda kwenye stuli,
nikanyoosha mkono hadi ukagonga bati,
na bado
nikainuka kwa ncha za vidole.