Ofu

Darasa letu liko Birere, nyuma ya duka la magodoro:
benchi tatu, na ubao
uliokuwa zamani mlango wa nyumba ya mtu.
Tundu la kitasa bado lipo.
Mwalimu Musavuli huandika akilizunguka.

Jumanne akaandika neno dogo,
o moja, f mbili.
Mimi nikaliandika nilivyolisikia: ofu.
Hili, akasema, halina kwao,
linapanga kwa vitenzi, na kila nyumba lina tabia yake.

Teki ofu: vua viatu.
Teki ofu tena: ndege imeruka,
na papo hapo moja ikapita juu ya mabati yetu
tukanyamaza kuingoja, kama siku zote.
Puti ofu: ahirisha.
Kati ofu: kata kabisa,
kama barabara ya Masisi wiki mbili hizi.
Sii ofu: sindikiza.
Nsimire akauliza, hadi wapi?
Mlangoni, barabarani, au hadi bandarini?
Mwalimu akasema Kiingereza hakipimi.

Kisha akaandika go ofu, akakuna kichwa.

Mimi nauza maziwa.
Saa kumi na moja alfajiri naipokea pikipiki ya Sake,
nafungua bidoni, nanusa kabla sijalipa.
Nayajua maziwa yaliyoanza kuwaza mengine.
Hayo, akasema Mwalimu, yamego ofu.
Taa ikizimika, imego ofu.
Kengele ya saa ikilia, nayo imego ofu.
Ile inanyamaza, hii inapiga kelele, neno lile lile!
Tukaicheka lugha
isiyojua kama inazima au inawasha.
Na bomu likilipuka, akasema.
Hapo hakutoa mfano. Hakuna aliyeuomba.
Na mtu, akamalizia, mtu akienda zake tu, bila
Chaki ikavunjika.

Njiani, juu ya mawe meusi yaliyoshuka mlimani yakiwa uji wa moto,
nikawaza: sisi mkia wa kitenzi tumeushonea ndani,
wao wameuacha nje, unalowa mvua.
Funga, fungua. Kunja, kunjua.
Wakitega, tutegue.
Lakini mkia wetu huo ukiukata
ukauweka peke yake mezani, ua,
ni la bibi harusi,
ni ule wa nyuma ya nyumba tunapoanika sambaza,
ni amri
ambayo mtu hupewa akiwa na bunduki.
Basi nani amcheke nani.

Kazi ya nyumbani: sentensi moja ya go ofu.
Niliandika ya maziwa. Nikaifuta.
Nikaandika, kwa Kiingereza changu cha kuchechemea,
kwamba Bauma, mdogo wangu, aligo ofu mwezi wa nne
na shati la bluu, chai hakunywa,
na mimi sikumsii ofu,
hata mlangoni.

Mwalimu alirudisha daftari Alhamisi.
Kwa wino mwekundu alikuwa ameongeza nukta mwishoni
na maneno mawili: vizuri sana.

Usiku nikajaribu kuifumua ondoka.
Ondokua. Ondoua.
Ulimi ulikataa, nikauacha ulale.

Kengele ya simu imego ofu.
Nje pikipiki ya Sake inakohoa.
Nafungua bidoni,
nainamisha kichwa, nanusa.