Fremu Juu ya Mlango

Nimeung'oa mlango wa mbele, bawaba na yote,
nikaulaza uani juu ya mawe manne.
Huku kwetu Majengo hakuna ardhi iliyonyooka,
ni lava iliyoganda ikiwa bado inakimbia,
na fremu ukiipima juu ya kilichopinda
itakusadiki, itapinda nawe.

Basi leo tunalala bila mlango.
Mke wangu ametundika kitenge pale.
Kinapumua. Kinaonyesha miguu ya meza.

Goma pikipiki tunaiita moto.
Moto *yangu* imevunjika shingo, ndivyo tunavyosema.
*Wangu* ni ule wa jikoni,
na ule wa juu mlimani hauna mwenyewe.

Kakule ndiye aliyeivunja.
Anasema ni shimo, karibu na Sake.
Mimi nasema ni maharagwe, magunia matatu,
na jibini, na mama mmoja na kuku wake.
Ufa wenyewe haubishani na mtu.
Ulianzia chini ya shingo, mvua ilipojificha miaka miwili,
ukatembea polepole kama mwenye kujua anakokwenda,
hata ukaikata nambari ya fremu katikati.

Nikaparua rangi. Nyekundu. Chini yake buluu.
Chini ya buluu kijani ya mwenyewe wa kwanza, nisiyemjua.
Kisha chuma kitupu, harufu ya sarafu kiganjani.
Mwisho wa ufa nikatoboa tundu dogo:
ufa ukikuta duara hupotea njia.

Bomba la kutia ndani sikulinunua.
Nimelikata kwenye kitanda cha marehemu mama,
kitanda kilichovuka mpaka juu ya kichwa cha baba
usiku ule mlima ulipofunguka,
kikarudi siku ya tatu, kina masizi.
Dada zangu hawajui bado.
Liliingia kwa nyundo tano,
na kila nyundo nilitazama nyuma.

Umeme huja saa nane usiku, ukija.
Nimekaa, kinyago magotini, nasinzia.
Redio ya Masika ng'ambo ya ua ikaanza kuongea peke yake,
aliisahau wazi. Hiyo ndiyo kengele yetu.

Nikagusa.
Ukuta mzima ukawa mchana, kisha haukuwa.
Kavugho, miaka tisa, kageuka kama nilivyomwamuru,
uzi wa kupimia umezunguka kidole chake,
macho yake kwenye vivuli:
"Baba, wewe mrefu. Sasa haupo. Sasa mrefu tena."

Mkono wa nyuma nimeurefusha, sentimita nane,
maana Kakule hataacha maharagwe.
Acha chuma kijirekebishe kwanza.

Upande wa kulia ukashika. Wa kushoto, nusu,
redio ya Masika ikakata neno katikati,
nikabaki na fimbo nyekundu gizani
ikififia kama sigara ya mtu asiye na haraka.

Asubuhi nikapiga tupa kwenye donge.
Saba, moja, kovu, sifuri.
Nne imeliwa.
Kavugho akaleta msumari na jiwe: "Tuiandike."
Nikaushika msumari.
Nikaona kizuizi, askari, karatasi zetu mkononi mwake,
kidole chake kikifuata tarakimu moja moja.
Nne ya mkono wangu ni uongo. Kovu ni kovu tu.
Nikamrudishia msumari wake.

Kakule akaja bila kubisha, angebisha wapi.
Akaikalia fremu tupu, haina tangi wala gurudumu,
akajirusha mara tatu kama mtoto kitandani.
"Iko nguvu," akasema.

Ikalia, kidogo, upande wa kushoto.
Mlio ule naujua.
Ndivyo kilivyolia kitanda mama akigeukia ukutani
akidhani sisi sote tumelala.

"Shuka," nikamwambia. "Tungoje umeme."

Mlango nao bado uko chini.