Gereji ya Fawzi

Windsor, Ontario, Februari. Mlango wa gereji
tumeuinua kiasi cha paka kupita,
moshi utoke, joto libaki. Vinafanya kinyume.
Hita inakoroma. Viti vinne vya kukunja,
cha Ezio kimefungwa waya mguuni.

Fawzi kinyozi hana mjadala:
Montecristo namba mbili, ile yenye ncha kama penseli.
Anaikata taratibu, kama anachonga ndevu za bwana harusi.
"Hii haikupigii kelele," anasema. "Inabisha hodi."
Ezio anamcheka. Yeye ni Partagás tu,
fupi, nene, pilipili manga na udongo,
biri ya mtu aliyebeba matofali miaka thelathini
na hataki kubembelezwa.

Orville huvuka daraja kutoka Detroit kila Jumamosi.
Kwao biri ya Kuba ni magendo,
basi huja kuivutia huku mpaka imchome kucha,
kisha anarudi na mifuko mitupu.
"Forodhani," anasema, "hawajaanza kupekua mapafu."
Lakini ukimbana sana ataapa kwa marehemu mkewe
kwamba Padrón ya Nikaragua, nyeusi, ya pembe nne,
inaipita Kuba nzima pamoja na bendera yake.
Hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Kakao, anasema mmoja. Ngozi ya kiti kipya cha gari.
Mwerezi. Karanga zilizoungua kidogo.
Ezio amenusa mkate wa shangazi yake,
anataja hata mtaa.
Majivu wanayapima kwa rula ya seremala:
ya Fawzi yamefika inchi mbili, hayajaanguka,
hatupumui.

"Na wewe, Maganga? Mbona kimya? Chagua."

Mimi nilizaliwa Urambo.
Tumbaku yetu haikuwa ya biri, ilikuwa ya mvuke,
ya sigara nyembamba za watu wenye haraka.
Wakanipa tatu ambazo hazijawashwa.
Nikazibinya karibu na sikio,
nikazinusa miguuni, si kichwani.
"Hii ni jani la kati, limeiva. Daraja la kwanza.
Hii ilivunwa na umande, ikaharakishwa.
Na hii," ya Orville, "imelazwa na mtu mvumilivu,
ila aliyeisokota siku hiyo alikuwa na hasira."

Wakacheka hadi Ezio akapaliwa.
Tangu hapo jina langu ni Mteuzi.

Sikuwaambia mteuzi kwetu alikuwa nani.
Alikuja na gari la Bodi, shati jeupe,
akachomeka mkono ndani ya belo la mama,
akachomoa shada moja, akalitazama juani
kwa muda wa kumeza mate,
akaandika herufi mbili kwa chaki.
Siku saba, usiku na mchana, mama alilisha bani
magogo ya miyombo,
akilala vipande vipande, sikio moja kwenye moto.
Herufi mbili.
Wala sikuwaambia jinsi sisi watoto
tulivyotapika alfajiri kati ya matuta,
majani mabichi yametulowesha hadi kwapani,
halafu tukaendelea kuvuna.

"Sawa, lakini unapenda ipi?" Orville hakuridhika.
"Kujua si kupenda."
Kweli. Nikamjibu: napenda isiyowashwa.
Wakadhani natania, Fawzi akanirushia kiberiti.
Nikawasha. Ilikuwa nzuri, sisemi uongo.

Saa nne usiku Nyamizi hanifungulii
mpaka nivue koti barazani, kwenye theluji.
"Unanuka kama ghala la chama."
Ugali uko mezani, umefunikwa, na mlenda.
Nilikuwa naelekea bombani, nikasita.
Nikakata tonge hivyo hivyo.
Lilikuwa chungu, uchungu uleule,
wa vidole kabla ya chumvi.

"Hujanawa," akasema.
Sijanawa, nikasema,
nikakata jingine.